Je, Wajua? Shukrani Huchezwa: Tarumbeta, Ndafu na Sebene Kutoka Enugu Hadi Chekereni

Kusini mashariki mwa Nigeria, kwa Waigbo, muziki unaotikisa harusi ndio huohuo unaopigwa mtu anapokwenda kumshukuru Mungu kwa nyumba mpya, kwa mtoto aliyehitimu au kwa kupona maradhi. Gitaa linatiririka, kengele ya chuma inagongwa, watu wanacheza huku wakilitaja jina la Mungu. Mtu wa Moshi akiyaona hayo hashangai, maana hata huku chini ya Mlima Kilimanjaro shukrani ya mdomo mtupu huonekana pungufu. Watu lazima wainuke vitini. Nimewakusanyia hapa mambo yanayoziunganisha pande hizi mbili za Afrika, na baadhi yake yamenifurahisha mno.

Muigbo aliyeimba na Diamond mara mbili

Mwaka 2015 mwimbaji wa Tanzania Diamond Platnumz alitoa wimbo wa "Nana", na mgeni anayesikika humo ni Flavour, Muigbo wa Enugu ambaye jina lake la kuzaliwa ni Chinedu Okoli. Miaka miwili baadaye wawili hao walikutana tena kwenye "Time to Party". Kumbi za Moshi ziliucheza sana "Nana", na wachache waliokuwa wakiucheza walijua kwamba Flavour alianza safari yake akiwa kijana mpiga ngoma wa kanisani. Mwaka huohuo wa 2017 alitoa pia "Most High", wimbo wa kumtukuza Mungu alioimba na Semah, mvulana asiyeona kutoka Liberia. Nyimbo hizo mbili, wa pati na wa sifa, zimo kwenye albamu moja, Ijele the Traveler. Kwa Waigbo hilo ni jambo la kawaida kabisa: aliyekupa sababu ya kusherehekea ndiye unayemwimbia kwenye sherehe.

Wimbo wa asante uliokataliwa, ukauza mamilioni

"Sweet Mother" wa Prince Nico Mbarga, uliotoka mwaka 1976, ni wimbo wa kumshukuru mama, na kampuni kubwa ya kurekodi iliukataa kwa kuuona wa kitoto. Ulitolewa mjini Onitsha, kitovu cha biashara cha Waigbo, na mauzo yake yanakadiriwa kuwa nakala zaidi ya milioni 13. Mwaka 2004 wasikilizaji wa BBC waliuchagua kuwa wimbo wanaoupenda kuliko zote Afrika.

Sikiliza gitaa lake. Lile ni gitaa la Kikongo, Mbarga alilichukua alipokuwa Kamerun na kulipandikiza kwenye muziki wa Nigeria. Kutoka Kongo hiyohiyo gitaa lilikuja mashariki hadi Dar es Salaam na Nairobi. Ndiyo maana mzee wa Moshi aliyekulia kwenye dansi akiusikia wimbo ule kwa mara ya kwanza, mabega yanaanza kucheza kabla hajajua unaimbwa kwa lugha gani.

Muziki wa raha uliozaliwa na bendi ya vita

Hailaifu, muziki mama wa dansi ya Waigbo, chimbuko lake ni bendi za kijeshi. Katika miaka ya 1870 Waingereza walileta askari weusi kutoka visiwa vya Karibiani kuja kupigana na Waashanti katika nchi ambayo leo ni Ghana. Askari hao walikuwa na tarumbeta, na jioni baada ya gwaride walipiga nyimbo za kwao. Vijana wa pwani ya Ghana walisikia, wakazishika tarumbeta wenyewe, wakatengeneza mtindo ulioitwa adaha. Humo ndimo hailaifu ilimochipukia, na katika miaka ya 1950 mpiga tarumbeta E. T. Mensah na bendi yake waliizungusha Nigeria hadi ikaota mizizi kwa Waigbo.

Chombo kilichotengenezwa kuwapeleka watu vitani kikageuzwa cha kuwapeleka ukumbini. Sijui ushindi gani mzuri zaidi ya huo.

Pwani yetu nayo ilikuwa na pacha wake

Miongo miwili tu baadaye, miaka ya 1890, jambo lilelile lilitokea Lamu na Mombasa. Vijana walianzisha ngoma ya beni: sare zilizopigwa pasi, vyeo vya mfalme na jenerali, tarumbeta mbele na ngoma kubwa nyuma. Vita Kuu ya Kwanza iliwachukua askari na wapagazi kila kona ya Afrika Mashariki, na beni ikasafiri nao. Tanganyika ikagawanyika kati ya vyama viwili, Marini na Arinoti, vilivyoshindana kwa mavazi, kwa karamu na kwa ufundi wa kucheza. Mwanahistoria Terence Ranger alikiona kisa hicho kizito kiasi cha kukiandikia kitabu kizima, kilichotoka mwaka 1975.

Vyama hivyo havikuishia kwenye ngoma. Mwanachama akifa ugenini walimzika, akiugua walimchangia. Likumbuke hilo, litarudi tukifika kwenye kwaya.

Kengele yenye zaidi ya miaka elfu

Ogene, ile kengele ya chuma inayogongwa kwa kijiti katika muziki wa Waigbo, ina ukoo mrefu sana. Mwaka 1938 mtu mmoja aliyekuwa akichimba uani kwake katika mji wa Igbo-Ukwu alikutana na vyombo vya shaba ardhini. Wataalamu waliendelea kuchimba kuanzia mwaka 1959 na kukuta kengele, mapambo na shanga zaidi ya 165,000, vitu vinavyokadiriwa kuwa vya karne ya 9 au ya 10. Kijana anayeucheza ogene leo kwenye harusi ya Enugu anafuata mdundo ambao huenda mababu zake walimzikia mfalme.

Tarumbeta zilizopanda mlima

Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893. Kwao Ujerumani wakati huo makanisa yalikuwa yamejaa makundi ya wapiga tarumbeta, wakulima na mafundi wa kawaida waliopiga nyimbo za ibada nje ya kanisa. Sababu yake ni rahisi: kinanda cha kanisani hakibebeki, tarumbeta inabebeka. Inakwenda makaburini, inakwenda sokoni, inapanda kilima.

Mlima wetu uliipokea kwa mikono miwili. Hadi leo sharika nyingi za Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) zina kundi lao la tarumbeta, na KKKT yenyewe, iliyoundwa mwaka 1963 kwa kuunganisha makanisa saba, mkuu wake wa kwanza alikuwa mwana wa Kilimanjaro, Askofu Stefano Moshi. Kundi likipiga kwenye ibada, vipaza sauti huwa havihitajiki. Waliochelewa wanaisikia ibada wakiwa bado njiani, kwenye migomba.

Tuba ina bomba refu kama gari linaloibeba

Ukilinyoosha bomba lote la tuba kubwa, lile dude linalozunguka bega la mpigaji, unapata kama mita 5 na nusu. Huo ni karibu urefu wa pikapu inayowabeba wapigaji kwenye msafara wa harusi. Bomba la tarumbeta ndogo ni fupi zaidi, kama mita 1 na nusu, na ndiyo maana sauti yake ni kali na ya juu.

Sasa angalia midomo. Tarumbeta haitoi sauti kwa kupuliziwa tu. Mpigaji anaibana midomo na kuitetemesha, na akitaka noti ile ambayo okestra hulingania vyombo vyake, midomo yake inatetemeka mara 440 kwa sekunde moja. Vitufe vyake ni vitatu tu, na vitatu hivyo vinampa bomba la urefu saba tofauti. Noti nyingine zote anazitafuta kwa midomo na pumzi.

Fikiria basi kazi ya vijana wa tarumbeta Jumamosi moja ya Moshi. Wamesimama nyuma ya pikapu, mpiga picha wa video ananing'inia kwenye gari la mbele, maharusi wako nyuma yao na taa zinawaka mchana kweupe. Dereva anazunguka keepleft, wao wanayumba wote upande mmoja. Barabara ya mtaani ina mashimo, na kila shimo linaisukuma ile sehemu ya kupulizia moja kwa moja kwenye meno. Jua linapasha shaba mpaka vidole vinachagua pa kushika. Wimbo haukatiki. Wanaanza na wa kanisani, pale kanisa linapoonekana. Wakifika mjini wanaugeuza kuwa wimbo wa Bongo Fleva unaotamba wiki hiyo, na mama wa bwana harusi anateremka garini kabla halijasimama vizuri, kitenge mkononi, anaanza kucheza juu ya lami. Wengi wa vijana hao hawasomi noti. Wimbo wameushika kwa sikio, mara nyingi kutoka kwenye simu.

Mimi nasema wazi: hao ni wanamuziki kamili, na wanastahili kuheshimiwa kama anayepanda jukwaani na gitaa.

Baridi ya Machame hushusha sauti

Kundi lililolinganisha vyombo vyake Chekereni, kule tambarare ya joto, likipanda siku hiyohiyo kupiga Machame au Marangu, sauti inashuka. Chekereni iko kama mita 700 hivi juu ya bahari, na sharika za juu ziko karibu mara mbili ya hapo. Hewa ikipoa kwa nyuzi 10, mwendo wa sauti ndani ya bomba unapungua kutoka kama mita 346 kwa sekunde hadi 340, na noti inateremka karibu theluthi ya nusu toni. Sikio lililozoea linaitambua mara moja. Ndiyo maana wapigaji huonekana wakipuliza pumzi kimyakimya ndani ya tarumbeta kabla ya ibada kuanza: wanaipasha moto.

Mbuzi anayeingia ukumbini kwa muziki

Katika harusi za Uchagani kuna mgeni anayepokewa kwa shangwe kubwa kuliko karibu wote, naye ni ndafu, mbuzi mzima aliyechomwa. Huchomwa taratibu juu ya makaa kwa saa nyingi, akigeuzwa na kupakwa viungo, kisha anasimamishwa kwenye sinia kubwa na majani mabichi mdomoni. Wapishi wanambeba wakiwa wamevaa aproni safi, mmoja ameshika kisu juu, wanaingia kwa hatua mbili mbele na moja nyuma. Muziki hubadilishwa kwa ajili yake. Wageni husimama. Mshereheshaji hawaiti watu kula mpaka maharusi wakate vipande vya kwanza wawalishe wazazi wa pande zote mbili.

Hapo ndipo penye shukrani yenyewe. Kipande kile ni asante ya malezi, kinatolewa mbele ya mashahidi, na watu hawaruhusu kitolewe kimya. Pembeni, wazee wana mbege, ile pombe ya ndizi mbivu na ulezi inayochukua siku kadhaa kuiva na kupewa uchungu wake na magome ya msesewe. Zamani tone la kwanza liliwekewa waliotangulia. Kwenye nyumba nyingine bado.

Viazi vikuu haviliwi hivihivi, wala mpunga

Kwa Waigbo, viazi vikuu vipya havipaswi kuliwa kabla ya sherehe ya Iri Ji, inayofanyika karibu Agosti, ambapo mzee au mfalme hula kwanza, shukrani hutolewa, halafu ngoma hufunguliwa. Waigbo wanaoishi London na Houston nao huifanya, wakinunua viazi vilivyosafirishwa kutoka mbali.

Chekereni ina mavuno yake. Mwaka 1987 ulikamilika mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, uliojengwa kwa msaada wa Japani, ukichota maji ya mito Rau na Njoro inayoshuka kutoka mlimani. Zaidi ya hekta 1,000 zilipangwa kwa ajili ya mpunga, na mavuno kwenye majaruba ya mradi yalipanda kutoka tani 2 hivi hadi tani 6 kwa hekta. Hapohapo Chekereni pana chuo cha kilimo kinachofundisha wakulima wa mpunga kutoka mikoa mbalimbali. Mvua inayonyesha kwenye msitu wa juu ndiyo inayoonekana baadaye ikiwa maji kwenye majaruba huku chini. Mkulima anayejua maji yake yanatoka wapi ana sababu ya kuinua macho.

Sikukuu ya mavuno ikifika, gunia la mpunga, mkungu wa ndizi, kuku aliyefungwa miguu, malenge na trei ya mayai hupelekwa madhabahuni kwa kwaya na hatua za kucheza. Baada ya ibada, mnada nje. Bei ya kuku pale haina uhusiano wowote na bei ya sokoni. Mtu anamnunua, anamrudisha mezani, anauzwa tena, mtu wa tatu anamchukua na kumkabidhi mjane aliyekaa benchi la nyuma. Kila bei inapopanda, tarumbeta zinapiga kipande kifupi. Kuku mmoja anaweza kuchangia bati kadhaa za paa la kanisa kabla hajafika kwenye chungu cha mtu yeyote.

Wimbo wa Makumira unaoimbwa na Wajerumani

Miaka 73 baada ya wamisionari wa Leipzig kupanda Machame na nyimbo za Kijerumani, wimbo wa Kiswahili ulianza safari ya kurudi. Mwaka 1966 Bernard Kyamanywa, Mlutheri kutoka Kagera, aliandika "Mfurahini, Haleluya", wimbo wa Pasaka wenye sauti ya Kitanzania. Alisoma katika chuo cha theolojia cha Makumira, kilichoko kando ya barabara ya Moshi kwenda Arusha. Miaka mitatu baadaye ukafasiriwa kwa Kijerumani, na leo ni namba 116 katika kitabu cha nyimbo cha Waprotestanti wa Ujerumani.

Makumira palikuwa pia na Mmarekani, Howard Olson, aliyezunguka na kukusanya sauti za asili za makabila mbalimbali, akazitoa katika kitabu cha Tumshangilie Mungu, wakati ambapo makanisa mengi bado yaliona ngoma kuwa ya kipagani. Siku hizi chuo hicho, ambacho sasa ni Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, kinatoa shahada ya muziki. Nikifikiria babu wa Bavaria akiimba Pasaka kwa mwendo uliozaliwa kwetu, natabasamu peke yangu.

Kwaya ni chama cha kuzikana

Mmarekani Gregory Barz alikaa na kwaya za Kilutheri za Tanzania kwa utafiti wa kitabu chake cha mwaka 2003, na aliyoyaona hayakuwa ya sauti tu. Aligundua kwamba kwaya ina mwenyekiti, katibu na mweka hazina, ina mfuko wa wagonjwa na wa misiba, na mwanakwaya akifiwa wenzake ndio wanaofika wa kwanza na kuondoka wa mwisho. Ni wajukuu halisi wa Marini na Arinoti, ingawa waanzilishi wa beni wangeshtuka kuambiwa hivyo. Wanakwaya wanapocheza hatua moja siku ya Jumapili, kumbuka kwamba wiki nzima wamekuwa wakibeba mizigo pamoja.

Sebene iliyookoka

Remmy Ongala, dokta wa muziki wa dansi Tanzania, alimaliza maisha yake akiimba injili. Alizaliwa mwaka 1947 Kindu, mashariki ya Kongo, akafika Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, kisha akaipa umaarufu Super Matimila hadi majukwaa ya Ulaya. Aliimba umaskini, kifo na kinga dhidi ya ukimwi, hata nyimbo nyingine zikazua mabishano redioni. Alifariki tarehe 13 Desemba 2010, na eneo la Sinza alipoishi bado konda huita "kwa Remmy".

Kilichomsafirisha hadi kanisani kilikuwa kimeshatangulia huko: sebene. Ni ile sehemu ya wimbo ambapo beti zinakwisha, gitaa la solo linashika kamba za juu na kurudia kipande kifupi bila kuchoka, na watu wanaacha kusikiliza wanaanza kucheza. Nyimbo nyingi za injili za Kiswahili zimejengwa hivyo. Unaanza taratibu, ushuhuda unaelezwa, machozi yanaweza kutoka, halafu ngoma inabadilika na kanisa zima linaingia kwenye mstari. Mwimbaji Rose Muhando aliijua siri hiyo tangu albamu yake ya Mteule Uwe Macho ya mwaka 2004, na mwaka 2012 akasaini mkataba na Sony. Kwa maoni yangu, hakuna muziki wa Afrika Mashariki unaofanana zaidi na dansi ya shukrani ya Waigbo kuliko dakika tatu za mwisho za wimbo wa namna hiyo.

Wazanzibari huswali kwa utulivu, humsifu Mtume kwa mawimbi

Shukrani ya mwili haina dini moja. Katika maulidi ya homu ya Zanzibar, yenye nasaba na tarika ya Rifai, wanaume wenye kanzu nyeupe hupiga magoti kwa safu, bega kwa bega, na kuyumba pamoja huku wakimswalia Mtume. Mwendo huanza mdogo sana, wa shingo na viganja, kisha huinuka hadi viunoni kadiri matari yanavyochanganya. Kuuita dansi ni kuukosea adabu, na waliomo hawauiti hivyo. Lakini ukiwa umekaa pembeni, mwili wako hautulii.

Kurusha noti za pesa kunaweza kukupeleka jela

Nigeria, kumrushia mwimbaji noti anapokusifu ni desturi inayopendwa sana kwenye sherehe, na pia ni kosa la jinai. Sheria ya Benki Kuu ya mwaka 2007 inakataza kurusha naira au kuikanyaga wakati wa kucheza, na Aprili 2024 mahakama ya Lagos ilimfunga Bobrisky, mtu maarufu wa mitandaoni, miezi 6 kwa kosa hilo. Kwetu desturi ni kumtunza msanii kwa adabu: kwenye taarabu noti hupelekwa mkononi, kanisani huwekwa kapuni, na mtu hucheza kwenda na kurudi. Pesa haigusi sakafu.

Sala iliyochezwa na dunia nzima

"Jerusalema" ya Master KG na Nomcebo Zikode, iliyotoka Afrika Kusini mwaka 2019, ni maombi kwa Kizulu. Wachezaji wa Angola walipojirekodi mwaka 2020 wakicheza na sahani za chakula mkononi, wauguzi, mapadri na mapolisi wa mabara yote waliwaiga, na Septemba mwaka huo Rais Cyril Ramaphosa akawaomba wananchi wake waucheze Siku ya Urithi. Dunia ilikuwa ndani ya janga la korona, watu wanazikana. Wakacheza sala.

Treni ya Desemba

Mwezi Desemba 2019 treni ya abiria kutoka Dar es Salaam ilifika tena Moshi baada ya kusimama kwa takribani miaka 25, na mwezi wenyewe ulifaa kweli. Desemba ndipo Wachagga wanaporudi nyumbani. Ni msimu wa ubarikio, harusi, matanga yaliyosubiri ndugu wa mbali, na shukrani za mwaka mzima. Kijana aliyemaliza mafundisho ya kipaimara anafanyiwa sherehe inayokaribia harusi, na ukumbi, keki na tarumbeta zake. Kuna wanaolalamika kwamba gharama zimezidi, na wana hoja. Hata hivyo familia inayosimama mbele ya usharika na kusema "tumefika mwisho wa mwaka, tuko hai" haijakosea kutaka kucheza kidogo.

Ombi kwa msomaji wa mlimani na wa tambarare

Wapiga tarumbeta wa kizazi cha babu zetu wanapungua. Kama nyumbani kwenu kuna picha ya kundi la usharika, igeuze uandike nyuma majina ya waliomo, mwaka, na nani aliwafundisha. Kama kuna tarumbeta iliyobonyea stoo ya kanisa, muulize katibu kabla haijauzwa chuma chakavu, kwa sababu fundi mzuri huweza kuinyoosha. Na Jumamosi ukikutana na pikapu ya harusi barabara ya Moshi, wapishe, kisha wapungie mkono vijana walio nyuma.